Sinema ya Masikio

Siku Lazarus Kasaine alipoanguka kwenye mtaro wa maji machafu pale Kitengela, swali lake la kwanza baada ya kuvutwa juu lilikuwa kama sinema imeanza. Damu inamtoka kwenye paji la uso, shuka imelowa, fimbo imemezwa na matope, watu wamemzunguka wanasema pole mzee, pole sana mzee, naye anasukuma mikono yao na kuuliza, "Imeanza? Si mniambie, imeanza?" Na mzee mwenyewe ni kipofu. Kipofu kabisa, haoni hata jua la saa saba. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Binti yake Resian alidhani anajua la kufanya. Resian alikuwa ameajiriwa kwenye ofisi za kaunti kule Kajiado mjini, lakini nyumba alikuwa amepanga Kitengela, kwa hiyo kila asubuhi alipanda basi la barabara ya Namanga na jioni akarudi nalo akiwa hoi. Jioni hiyo alimkuta babake kwenye kochi, ana plasta kubwa juu ya jicho, kifua mbele, kama mtu aliyetoka vitani na ushindi. Jane, msichana wa kazi, alikuwa amesimama mlangoni na machozi, akijitetea kwamba mzee alimtuma dukani kununua sukari, kumbe sukari ilikuwepo tele.

Resian hakupiga kelele. Alitoka nje akampigia simu ndugu yake Nelson, yule anayekaa na ng'ombe wa familia nje ya Kajiado, kisha akarudi akaketi karibu na babake.

"Papa, Jumamosi Nelson anakuja na pikapu. Utarudi nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Kule kuna watu wa kukuangalia. Hakuna mtaro, hakuna pikipiki za wazimu. Utaletewa kila kitu pale ulipo. Utapumzika."

"Na nikimaliza kupumzika?"

Resian akaanza kumnyoosha shuka begani, na mzee akamwacha aendelee makusudi, ili wote wawili wasikie kwamba swali limebaki pale pale.

Wacha niseme wazi, maana mwenyewe asingekubali kusema: aliogopa. Mtu huyu alikuwa amelala nje na mifugo simba akinguruma upande wa pili wa boma, na hakuogopa hivyo. Lakini wakati bado ana macho yake alikuwa amewaona wazee wa kukaa. Mtu anatolewa asubuhi kwenye jua, anasogezwa kivulini mchana, analishwa, analazwa, na watu wanapita mbele yake wakimzungumzia kana kwamba hayupo. Mke wa mwanawe anaulizwa kama mzee amekula, na yeye mzee amekaa pale pale na mdomo wake! Hilo ndilo lililomtia baridi mwilini.

Na hapo lazima nikuambie habari ya muziki, la sivyo utadhani mzee alikuwa mkaidi tu bila sababu. Mkaidi alikuwa, sikatai. Lakini sababu alikuwa nayo.

Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya mwanga polepole, jicho moja kwanza, halafu la pili. Mke wake alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo Resian akamleta Kitengela awe karibu na madaktari. Madaktari wakafanya walichoweza, wakamwambia pole. Miezi ya kwanza mzee alikaa ndani amejaa hasira. Redio aliichukia. Wapwa na binamu waliokuja kumsalimia aliwachukia zaidi, kwa vile walivyomwongelesha kwa sauti ya juu utadhani ameziba masikio.

Siku moja Jane aliwasha televisheni kutazama sinema ya mapigano, kisha akakumbuka nguo, akatoka kwenda kuanika. Mzee akabaki peke yake na watu wanaongea Kiingereza. Kiingereza chake yeye kilikuwa cha kununulia dawa ya kupe tu. Wale watu wakanyamaza. Chini ya kimya chao kukaanza sauti nyembamba, ndefu, ya nyuzi nyingi zikikwaruzwa pamoja. Ikapanda kidogo, ikakaa, ikapanda tena. Nywele za mikono zikamsimama. Ile hali aliijua! Kuna usiku ambapo ng'ombe wote huinuka kwa pamoja bila kelele, wakaelekeza pua upande mmoja, na mchungaji huamka usingizini kwa sababu kengele zao zimeacha kulia. Huhitaji macho. Unajua kuna kitu nje, na unajua kimefika karibu.

"Jane!" mzee akaguta. "Jane! Mwambie huyo mtu arudi nyuma!"

Jane akaja mbio na vibanio vya nguo mkononi. Akatazama televisheni, na pale pale mtu wa sinema akatoka kwenye kona na kupigwa risasi.

"Ai, mzee! Umejuaje?"

"Nimeambiwa," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kitengela, akacheka.

Tangu hapo akawa hashikiki. Kila sinema ya bunduki aliitaka. Aligundua kwamba kila mtu wa sinema ana wimbo wake, na wimbo hufika kabla ya miguu yake. Adui huja na sauti nene inayojikokota chini. Mwenye kulipiza kisasi huanza taratibu, kidogo kidogo, wimbo wake unajificha ndani ya nyimbo za wengine mpaka siku ya mwisho anapouimba wote. Ngoma mwanzoni zilimuudhi. Wamaasai hawapigi ngoma, wimbo wao unatoka kooni na kifuani, na mzee aliamini ngoma ni ya watu waliochoka kuimba. Lakini mbio za magari bila ngoma hazinogi, hata yeye alikubali kwa shingo upande.

Sauti ya televisheni ya Resian ilikuwa ndogo, kama ya nyuki ndani ya chupa. Ndipo Jane kwa ujinga wake akataja kibanda cha sinema cha Mureithi, chini kule baada ya mashine ya kusaga unga, chenye spika kubwa kama makabati. Basi, hapo alikuwa ameshamwaga mtama. Siku ya kwanza Jane alimpeleka. Siku zilizofuata mzee alijipeleka, akifuata kelele ya mashine ya unga, halafu cheche za mafundi wa mageti zinazonuka, halafu mama wa chapati, halafu kona. Mtaro ulikuwa baada ya kona.

Kwa Mureithi alichagua benchi la mbele kabisa, akaweka kiganja chake juu ya ubao wa spika. Besi ikipiga aliisikia kwenye meno. Mambo ya magoti, ya macho, ya kufiwa, yote yalikaa kando, kwa sababu pale alikuwa anakimbia. Usicheke. Mzee wa miguu mizito alikuwa anakimbia juu ya mapaa ya miji ambayo hataikanyaga maisha yake, na hakuna mtu aliyemshika mkono.

Watu walicheka, bila shaka. Kipofu sinema! Wamama wa kanisa la Resian walimwambia kwa upole ule wa kuchoma kwamba wamemwona babake akiingia mahali pa vijana wa miraa. Na ndani ya kibanda kulikuwa na Allan, kijana wa maikrofoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili kinachotokea. Kila Allan alipofungua mdomo, Mureithi alipunguza muziki. Vita vikaanza siku ile ile.

"Ero," mzee alimwita, yaani wewe kijana, "mbona unaongea juu ya watu wakiongea?"

"Wanaongea Kichina, buda. Mimi ndio naambia watu vile mambo iko."

"Muziki umeshawaambia. Wewe unarudia tu, tena unarudia vibaya."

Kibanda kizima kiliangua kicheko, na Allan akabaki na maikrofoni yake mkononi.

Haya, turudi kwenye kochi, kwa mzee na plasta yake.

"Papa," Resian alisema, "wewe unaenda kufanya nini pale na huoni?"

"Naona."

"Huoni, Papa. Unajidanganya. Unakaa pale na watu wanakucheka. Nimechoka kuambiwa na kila mtu vile wanakucheka."

Hiyo ilimkata. Angeambiwa ni mbishi, angeambiwa ni mzigo, hayo alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Lakini kujidanganya! Alitafuta fimbo yake, akakumbuka iko mtaroni, akagonga kochi kwa ngumi.

"Sikiza. Jumamosi, kabla hamjanipakia kwenye gari kama mbuzi wa mnada, twende wote kwa Mureithi. Wewe na Nelson. Aweke sinema ambayo sijawahi kuisikia, ya lugha nisiyoijua. Allan afunge mdomo. Mimi ndio nitasimulia, kwa muziki. Nikisema mtu amekufa na hajafa, ama mtu afe na mimi nisiseme, nitapanda hiyo pikapu mwenyewe, bila kushikwa."

"Na ukipatia?"

"Mtaniacha. Wewe, na Nelson, na hao wamama wako wa kanisa. Mtaniacha nianguke kwenye mitaro yangu."

Mzee alisikia Resian akishusha pumzi ndefu, akaielewa pumzi hiyo. Binti yake alikuwa ameona njia ya kumrudisha Kajiado bila yeye kuonekana mbaya. Sinema ndiyo ingemfukuza.

"Sawa, Papa," Resian akasema.

Habari zilienea mtaani kama harufu ya nyama choma. Jumamosi alasiri kibanda cha Mureithi kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni, hata mafundi wa mageti walikuwa wamezima mashine zao. Nelson aliegesha pikapu nje, nyuma ameweka godoro tayari. Aliingia akiwa na haraka.

"Papa, sopa," Nelson akamsalimia.

"Epa."

"Tufanye haraka basi. Nimeacha ng'ombe na mtu simwamini."

"Keti," mzee akamwambia. "Ng'ombe ni wangu na sina haraka."

Mureithi alikuwa ametafuta sinema ya Kikorea, mpya, ambayo hata Allan hakuwa ameiona. Maandishi ya Kiingereza yangepita chini ya picha kwa wale wanaosoma. Allan alinyang'anywa maikrofoni, akanuna, basi akapewa uamuzi: yeye ndiye atakayesema nani yuko hai na nani amekufa. Akakubali, lakini akaendelea kununa.

Sinema ikaanza. Mzee akaweka kiganja kwenye spika, akainamisha kichwa. Minong'ono ikaanza nyuma. Kulikuwa na uzi mmoja tu unaokwaruzwa, wa sauti ya chini, unaenda pole pole bila kuongozana na mwingine.

"Huyu ni mtu mzima," mzee akasema. "Yuko peke yake. Ametulia, lakini zamani alikuwa mkali. Huo utulivu wake hamuuamini hata nyinyi."

"Ehe!" mtu akajibu. "Ni mzee fulani analima kabichi!"

Filimbi ikaingia, nyepesi, ya kuchezacheza. Ikaupita ule uzi, ikarudi, vikaenda pamoja. "Rafiki yake amekuja. Wa zamani sana. Mmoja akianza, mwenzake anajua pa kumalizia." Na kweli, wazee wawili walikuwa wamekumbatiana katikati ya kabichi. Halafu chini kabisa ikaanza sauti nene, mzee akaisikia kwenye mifupa ya mkono kabla masikio hayajaipata. "Maadui wameletwa," akasema. "Huyo rafiki amefuatwa, na hajui."

Risasi zikalia. Vijana wakaruka. "Amekufa, mzee? Sema! Amekufa?"

"Nyamazeni. Bunduki inapiga kelele tu, haisemi imempata nani."

Alingoja. Ngoma zikapita, tarumbeta zikapita, milango ikavunjika. Kisha ile filimbi ikarudi, lakini haikuwa filimbi tena. Wimbo wake sasa ulichukuliwa na ule uzi mmoja, ukaimbwa taratibu, ukafika karibu na mwisho, ukakatika hapo bila kumaliza.

"Rafiki amekufa," mzee akasema.

"Bado!" watu wakapiga kelele. "Anatembea, mzee! Anacheka hata!"

"Amekufa."

Na kwenye picha yule rafiki akacheka, akapiga hatua nyingine, akashika ubavu, akaanguka. Kibanda kikalipuka! Mureithi alipiga meza, mafundi wa mageti walipiga mabati, na Allan, aliyekuwa amekula kiapo cha kununa mpaka mwisho, akajikuta anasema, "Huyu buda ni noma!"

Basi hapo mzee akapata moto. Akasimama. Akasimulia kwa fimbo mpya aliyonunuliwa na Resian, akiwachapa maadui wa hewani. "Wanakuja kushoto! Watatokea kushoto!" Wakatokea kushoto. "Huyu wa sasa ni mwoga, atatoroka." Akatoroka. Pikipiki aliiita gari, wakamsamehe, maana hakuna aliyekufa hapo. Adui mmoja akaanguka kutoka ghorofani na kibanda kikashangilia, lakini mzee akatikisa kichwa. "Huyo hajafa. Wimbo wake haujafungwa." Kitambo kidogo adui huyo akarudi na kisu. Nelson mwenyewe, mtu asiyependa upuuzi, alisikika akisema, "Enkai ai," yaani Mungu wangu. Mzee aliitambua sauti yake, akafurahi mpaka akaona aibu. Alikuwa anashinda. Aliuonja ushindi.

Pigano kubwa likaja. Mzee wa kabichi alikuwa amezungukwa, na wimbo wake, ule aliokuwa akiuficha, ukatoka wote, na nyuzi zote zikamfuata, na ngoma, mpaka vumbi la dari likawadondokea watu kichwani. Kisha yote yakazima ghafla. Kimya. Baada ya kimya, uzi mmoja. Ulianza taratibu, ukaimba, ukafika karibu na mwisho, ukakatika.

Mzee akavua kofia. Alikuwa amempenda yule mkulima.

"Amekufa," akasema. "Mwenyewe amekufa."

Kisha mtu mmoja akacheka, wa pili akamfuata, na kicheko kikaenea kwenye mabenchi yote. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wanasikitika, lakini walicheka.

"Pole, mzee," Allan akasema, kwa heshima kabisa. "Hapo umekosa. Hajafa, amepona. Binti yake amemtoa hospitali, amempeleka kwake mjini. Amemkalisha dirishani, amemfunika miguu na blanketi. Anamlisha uji na kijiko. Binti mwenyewe anatabasamu, vile amefurahi."

Benchi likalia, Nelson akainuka. "Haya. Papa, maneno ni yako. Twende."

Mzee alibaki na kofia mkononi. Kwa muda mfupi aliamini. Aliamini kwamba Resian alisema kweli, kwamba miezi yote hii alikuwa mzee anayejidanganya mbele ya watu, na wale walioshangilia walimshangilia kama unavyomshangilia mtoto anayejifunza kutembea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Aligeuka kuelekea mlangoni.

Halafu akakasirika. Hasira ilimjia kutoka tumboni, na ilikuwa tamu.

"Mureithi," akasema. "Rudisha nyuma."

"Papa, imekwisha," Nelson akasema.

"Mzee, makubaliano ni makubaliano," mtu wa nyuma akasema.

"Sitaki makubaliano! Nataka masikio! Mureithi, rudisha pale rafiki alipokufa, halafu uweke hapa tulipo. Na ufunike hiyo picha yenu inayowadanganya."

Mureithi aliguna, lakini alivuta pazia la mlangoni akalitundika juu ya kioo. Watu wote wa kibanda wakawa hawaoni kitu, wamekaa kama yeye. Uzi ukaimba kifo cha rafiki, taratibu, ukakatika karibu na mwisho. Mureithi akabofya rimoti. Uzi ukaimba dirisha na blanketi, taratibu, ukakatika. Ulipokatika mara ya pili, mwanamke mmoja pale kati akavuta pumzi ya ghafla, kama mtu aliyegusa jiko la moto.

"Ni ule ule," mtu akasema.

"Haki, ni ule ule," Allan akasema polepole. "Ni ule wa rafiki yake. Hata pale unakatikia."

"Lakini mtu si anakula uji, jameni!" Nelson akalalamika. "Maiti inakula uji?"

"Anakula," mzee akasema. "Kwani nimesema hali? Sikiza, Nelson. Yule aliyetengeneza muziki huu aliiona hiyo picha kabla yako. Aliliona hilo blanketi, akauona uji, akamwona na binti anavyotabasamu. Akakaa chini akajiuliza, hapa niweke wimbo gani? Nyimbo za furaha alikuwa nazo, mmezisikia kwenye kabichi. Na bado akaweka wa matanga. Nendeni mkagombane na yeye. Mimi nimewaambia alichosema."

Nje pikipiki ilipita, ikaisha. Mzee alisikia viatu vinakuja kutoka nyuma, vile vya kisigino kifupi vya ofisini, alivyovisikia kila asubuhi vikitoka na kila jioni vikirudi vizito. Vikasimama karibu naye. Akakaza mkono, ili akishikwa ajue jinsi ya kujitoa.

"Allan," Resian akasema. "Wewe ndio mwamuzi. Amekosea?"

"Madam, kwa picha amekosea."

"Sijakuuliza picha."

Resian alivuta pua, na mzee akajua analia, na kwamba analia mbele ya watu waliompelekea maneno.

"Papa hajakosea," Resian akasema. "Nelson, enda ukaondoe hilo godoro."

"Resian! Na ile mitaro? Na pikipiki? Siku moja utaletewa babako kwa toroli!"

"Ataanguka," Resian akasema, na sauti ikamkatika katikati, akaitafuta, akaipata. "Ataanguka, Nelson, na tutamwinua. Ameanguka mara ngapi akitulea, nani alimwambia akae?"

Nelson akatoka, na kwa mlango ulio wazi walimsikia akikunja godoro huku akinung'unika.

Sasa ungetegemea mzee amshukuru binti yake. Labda amwekee mkono kichwani, amwombee baraka, wote walie. Watu wa kibanda walikuwa wanangoja hivyo, na Allan ameshaanza kujifuta macho kwa fulana. Mzee hakumshukuru. Alimpenda Resian kuliko watoto wake wote, na hakumshukuru, kwa sababu mtu hashukuru kwa kupewa kilicho chake. Alivaa kofia yake. Akaketi, akasogea kwenye benchi mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana upande wa spika, akaipiga kwa kiganja ili Resian ajue ni ya kwake.

"Mureithi," akasema, "toa hilo pazia, watu waone. Na uongeze sauti."